Mboni Isiyosinyaa

Watu wengi hawajui kwamba jicho la bandia huchorwa kwa mkono. Hudhani linatolewa kwenye boksi kama kifungo cha shati: unataja saizi, unataja rangi, unakwenda zako. Fundi Macho hakuchoka kuwasahihisha, na aliwasahihisha kwa raha ya mtu ambaye hana kingine cha kujivunia. Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido ya hospitali, kati ya chumba cha dobi na stoo ya vitanda vibovu. Mlangoni hapakuwa na kibao. Kilikuwepo, kikaibwa, na mwizi, Fundi alipenda kuwaambia wagonjwa, bila shaka alikuwa na macho yote mawili.

Kaka yake waliyezaliwa tumbo moja alikuwa mtu wa namna nyingine. Walimwita Profesa, ingawa chuo hakikuwahi kumpa cheo hicho. Alichopewa ni darasa la ghorofa ya juu, ubao uliopasuka, na wanafunzi tisa kwa mwaka, mwaka wa neema kumi na mmoja. Akawafundisha falsafa ya Ulaya, ile ya Wajerumani na Wafaransa: kuwepo ni nini, akili ya binadamu inaishia wapi, na kwa nini picha ya kiti ina ukweli ambao kiti chenyewe hakina. Idara ilipofungwa, darasa lile likageuzwa stoo ya viti.

"Angalau viti vipo," alisema Profesa siku ile. Baada ya hapo hakufanya mzaha tena kwa muda mrefu.

Ndugu hawa wawili hawakuwahi kukubaliana juu ya lolote. Mdogo akisema mvua itanyesha, mkubwa atauliza amejuaje. Mvua ikinyesha, atauliza kama hiyo ndiyo iliyosemwa. Siku Fundi alipomaliza jicho lake la kwanza alilifunga kwenye leso, akalipeleka nyumbani kwa kaka yake kama mtoto anayepeleka cheti cha shule. Profesa aliligeuzageuza kiganjani, akasema, "Kitu kinachofanana na jicho kwa kila hali, isipokuwa kazi yake." Fundi alicheka. Miaka thelathini na moja alikuwa akiishi na sentensi hiyo kama mtu anavyoishi na goti bovu: haliui, ila kila ngazi inakukumbusha.

Sasa Profesa mwenyewe alikuwa amepoteza jicho la kushoto. Presha ya macho ililiua, ikaliacha likiuma, na madaktari wakaliondoa. Miezi minne ikapita. Asubuhi moja mkewe aliingia kwenye chumba cha Fundi bila kubisha, akaketi kwenye kiti cha wagonjwa, akaweka mkoba miguuni.

"Shemeji, kaka yako ananifia mle chumbani."

"Anaumwa?"

"Angeumwa ningemshukuru Mungu, ningejua dawa. Pazia limefungwa, kitabu hagusi, anasema kusoma kunamchosha. Juzi wanafunzi wake wa zamani wamekuja, watu wazima na vipara vyao. Unajua alichofanya? Amejifungia chooni. Saa nzima. Watu wamekunywa chai, wamenisalimia tena, wakaondoka."

"Aibu ya jicho?"

"Sijui ya nini. Najua akibaki hivi sitakuwa na mume, nitakuwa na mpangaji." Akamtazama. "Mtengenezee jicho atakalokubali kulivaa. Atoke nje."

"Hajawahi kukubali kitu changu hata siku moja," alisema Fundi. "Lakini mwambie aje. Atapenda nafasi ya kukataa."

Profesa alikuja kesho yake, akishikwa mkono na mkewe, akiwa amevaa koti la enzi za chuo. Siku ya kwanza ilikuwa ya kuchukua umbo la shimo la jicho kwa nta laini, na katika shughuli hiyo hata mwanafalsafa hunyamaza. Siku ya pili ikaja kazi yenyewe.

Rangi ya jicho huchorwa asubuhi, kwa mwanga wa dirishani, mgonjwa na fundi wakiwa wamekaa magoti yakikaribia kugusana. Hakuna picha, hakuna namba. Fundi hulitazama jicho zima lililobaki, hulichora lenzake kwenye kidude cha plastiki kidogo kama kifungo, safu moja baada ya nyingine, kwa brashi yenye manyoya ya kuhesabu. Hata mke na mume huwa hawatazamani hivyo. Ndugu ndiyo kabisa.

"Nitazame puani," alisema Fundi.

"Nimekutazama miaka hamsini na sita, sijaona cha ajabu."

"Leo tazama bila maoni."

"Hakuna kutazama bila maoni, bwana mdogo. Watu wameumiza vichwa miaka mia mbili juu ya hilo."

"Ndiyo maana walivaa miwani wote. Usitikisike."

Profesa alitulia kidogo, lakini mdomo wake haukuwa umefundishwa kazi hiyo. "Hebu nieleze. Kikombe kikitoboka si kikombe tena. Jicho lisiloona ni jicho la nini?"

"La watu."

"La watu gani?"

"Wengine. Wewe hulihitaji, wewe utakaa nyuma yake. Anayelihitaji ni shemeji, jirani, mwenye duka anayekuhudumia huku anatazama ukuta kwa sababu hajui akutazame wapi."

Brashi ilichora nyuzi tatu, nne, kabla Profesa hajajibu. "Kwa hiyo nitavaa kitu ambacho kuwepo kwake kote kumo ndani ya watu wengine."

"Mimi nimesema kwa maneno machache zaidi."

"Ulikosea kuacha shule," alisema Profesa, na Fundi hakujua kama ni sifa au tusi. Kwa kaka yake vitu hivyo viwili vilikaa chumba kimoja.

Kisha ikaja kupima mboni, ule weusi wa katikati. Mboni husinyaa kwenye mwanga na kutanuka kwenye kivuli, na kwa kuwa ya bandia haiwezi kufanya lolote kati ya hayo, fundi huipima kotekote na kuchukua katikati. Fundi alikuwa na kadi yenye vitone vyeusi, cha kwanza kidogo kuliko punje ya mtama, cha mwisho kikubwa kuliko dengu. Akamsogeza kaka yake kivulini: kitone cha sita. Akamrudisha dirishani, jua limechanua: kitone cha sita.

Akajua amekosea. Maneno mengi yamemchanganya. Akapima tena kivulini, akapima tena dirishani, akasogeza kadi mpaka ikagusa kope. Sita. Kwa mtu wa umri ule inatakiwa iwe nne. Miaka thelathini na moja ilikuwa nne, mara chache tatu. Kaka yake, alijisemea, anaweza kuifanya hata kadi ianze ubishi. Akaandika nne.

Akachora asubuhi mbili, na hakuwahi kuchora vile. Chini ya rangi ya kahawia aliweka kile kichembe cha manjano alichokifahamu tangu utotoni, ambacho kilikuwa kinawaka Profesa alipombana mtu kwenye kona ya hoja. Kichembe chenyewe siku hizi hakikuonekana vizuri, lakini Fundi alijua kilipo. Akalaza nyuzi nyekundu za hariri ziwe mishipa. Akalipika jicho kwenye sufuria ya presha, akaling'arisha kwa kitambaa cha mashine kinachozunguka mpaka likapata unyevu wa uongo. Alipoliweka mezani lilimtazama kama linataka kumuuliza amejuaje.

Siku ya kulivaa shemeji alikuja naye akaketi pembeni. Fundi aliinua kope la juu kwa kidole gumba, akalitelezesha jicho, likaketi. Profesa akainua uso.

Shemeji aliweka mkono kifuani. "Huyu hapa," alisema taratibu. "Huyu ndiye aliyenisumbua mpaka nikakubali posa."

"Nilikusumbua kwa hoja," alisema Profesa.

"Ulinisumbua kwa macho, hoja nilikuwa nazisamehe. Hebu njoo kwenye mwanga nikuone vizuri, mzee wangu."

Akamvuta dirishani. Akatabasamu. Kisha tabasamu likabaki usoni kwa mazoea tu, huku macho yake yakienda kushoto, kulia, kushoto.

"Shemeji, mbona hayalingani? Hili jipya weusi wake mdogo. Hili la kwake limekuwa kubwa, kama la paka gizani."

Fundi akasogea. Jua lilikuwa linawapiga usoni wote watatu. Jicho alilotengeneza lilikuwa sahihi kama macho ya watu wote mtaani. Lililokuwa si sahihi ni lile alilozaliwa nalo kaka yake.

"Shemeji, niombee pamba kwa muuguzi. Mlango wa nne."

"Pamba si hiyo hapo?"

"Hiyo si safi."

Alipotoka, Fundi alifungua droo, akatoa tochi ndogo, akaimulika moja kwa moja kwenye jicho zima. Mboni ilijikunja kidogo sana, kwa uvivu, kama mtu anayeamshwa asiyekusudia kuamka. Ikarudi ilivyokuwa.

"Unanimulika kama kuku," alisema Profesa.

"Vidole vingapi hivi?"

"Vyako au vya shemeji yako?"

"Kaka."

Profesa akashusha pumzi. "Nakuona kama mtu anayechungulia kupitia tundu la kufuli. Napata pua na nusu ya shavu. Si hasara kubwa."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hawajalitoa lile. Daktari aliniambia shemeji yako akiwa amekwenda kuninunulia maji. Ugonjwa ni uleule, mshipa unakauka. Dawa zinausihi tu. Mwaka, pengine pungufu." Alisema yote hayo kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba. "Ulipima, lakini. Nilikusikia ukipima mara nne. Ulipata nini?"

"Sita."

"Ukaandika?"

"Nne."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ndivyo inavyokuwa."

Profesa alicheka, kicheko kikavu kisichokuwa na mwenyewe. "Basi karibu kwenye idara. Hiyo ndiyo historia yetu yote, bwana mdogo. Kitu kinakuambia kilivyo, wewe unakiambia kinavyopaswa kuwa, halafu unakipaka rangi."

Fundi hakucheka. Alikuwa anafikiria zile asubuhi mbili, magoti yakikaribia kugusana, yeye akilitazama jicho lile kwa karibu kuliko alivyowahi kumtazama binadamu yeyote, na asilione.

"Nitengenezee jingine," alisema Profesa. "Lenye sita. Hili zuri, lakini ni la mtu aliyekuwepo zamani. Nataka la kweli."

Fundi alikaribia kukubali. Ndilo alilolingoja: kaka yake kumwagiza kazi, tena kwa kuitaja kweli. Lakini maisha yalikuwa yamempiga makofi ya kutosha kumfundisha kukagua zawadi kabla ya kushukuru.

"Hapana," alisema. "Hutaki la kweli. Unataka yalingane ili shemeji asiulize tena. Hili la uongo ndilo limekuchongea. Unataka ukweli upate kujificha nyuma yake."

Profesa alianza kufunga vifungo vya koti.

"Miaka thelathini unawaambia wale tisa wako kwamba sanaa inafunua. Yangu ndiyo unaitaka ifunike," aliongeza Fundi.

"Nilifundisha hivyo," alisema Profesa. "Sikusema nina moyo wa kuishi hivyo."

"Kwa nini usimwambie?"

"Akijua ataanza kunisomea. Unamjua. Atakaa kando ya kitanda anisomee Wajerumani kwa sauti, na hawapendi, hajawahi kuwapenda, na atafanya hivyo mpaka siku ya mwisho. Nitakuwa kazi yake."

"Na sasa wewe ni nani kwake?"

"Mume mbishi. Hicho ni cheo."

Mlango ukafunguka. Shemeji alikuwa na pamba mkononi na swali usoni.

"Kuna nini?"

Profesa alimgeuzia Fundi jicho lile la kutunga, lenye kichembe cha manjano, likimtazama kwa uchangamfu wa ajabu. Jingine lilikuwa linatafuta sauti ilikotoka.

"Nimekosea kipimo," alisema Fundi. "Kosa langu. Nitalirudia."

Hakuwahi kusema neno hilo mbele ya mgonjwa. Lilimtoka kama jino.

Jicho la pili lilikula asubuhi tatu. Shemeji alimfikisha mumewe mlangoni, akaenda kwenye shughuli zake. Ndugu wawili wakakaa kwenye mwanga. Safari hii hawakubishana. Fundi alichora kilichokuwepo: pete ya kijivu iliyokuwa inaizingira kahawia kama ukungu unaozunguka bwawa, weupe uliokuwa umechakaa, na katikati ule weusi mpana, wazi, usioomba kitu. Kichembe cha manjano alikitafuta. Kilikuwepo, lakini kimefifia, na akakichora kikiwa kimefifia. Mkono wake ulitaka kukiongezea. Mara tatu aliuzuia, mara ya nne uliponyoka, ikambidi akwangue safu nzima na kuanza upya.

Hapo alielewa kwa nini lile la kwanza lilikuwa rahisi. Kumchora mtu unavyomtaka hakuhitaji fundi. Kumchora alivyo, na alivyo ni mtu anayeondoka, ilikuwa ni kumwondoa kwa mkono wako mwenyewe, unyoya mmoja wa brashi kwa wakati.

"Umenyamaza," alisema Profesa.

"Nafanya kazi."

"Na kabla?"

"Kabla nilikuwa nakukumbuka."

Profesa alifikiri juu ya hilo. "Ungeniambia mambo haya nikiwa bado nina darasa," alisema, na akaacha hapo.

Asubuhi ya kulivaa Fundi alisikia mkwaruzo koridoni. Si hatua, mkwaruzo. Alipofungua alimkuta kaka yake peke yake, mkono wa kulia wa koti umejaa chokaa kuanzia begani hadi kwenye kiwiko, na suruali imechanika gotini.

"Umekujaje?"

"Kwa ukuta. Mji una kuta nyingi, sikuwahi kuushukuru kwa hilo."

"Umemwambia?"

"Bado. Nilitaka kwanza nijue kama naweza peke yangu."

"Na?"

"Umeiona suruali."

Fundi alimketisha. Akamfuta chokaa, akamwosha mikono, akaliweka jicho. Akarudi nyuma hatua mbili. Kisha akampa kioo, kwa sababu kila mgonjwa hupewa kioo.

Profesa alikishika mbele ya uso, kimeelekea juu. Kilikuwa kinaonyesha dari na bomba la taa. Alikitazama kwa heshima kwa muda ambao ungetosha.

"Limefanana?" aliuliza.

Fundi aliyatazama macho mawili. Yalikuwa ndugu. Hata yeye, kama asingejua, angechelewa kuchagua. Ilikuwa kazi bora kuliko zote zilizowahi kutoka mikononi mwake, na hakuna ambaye angeigundua, maana kugunduliwa ndiko kushindwa kwake.

"Limefanana."

Akasubiri. Alisubiri umejuaje, alisubiri kufanana ni nini, alisubiri tofauti kati ya kitu na mfano wa kitu, akajikaza tumbo kama bondia.

"Haya," alisema Profesa. "Ukisema wewe, basi."

Akanyoosha kioo kukirudisha, akakinyoosha mahali ambapo mkono wa Fundi haukuwepo.

Fundi alikwenda akakipokea huko. Miaka thelathini na moja alikuwa analingoja neno hilo, na lilimfikia kama barua inayofika kwenye nyumba watu walikohama. Alikiweka kioo mezani. Akashika ukingo wa meza.

"Nibishie kidogo," alisema.

"Nikubishie kwa lipi? Sioni."

"Hujawahi kuhitaji kuona."

"Zamani nilikuwa naona, ndiyo maana nilibisha." Profesa alijaribu kutabasamu, upande mmoja ulifuata, mwingine ukachelewa. "Usiniangalie hivyo."

"Umejuaje ninavyokuangalia?"

"Umeacha kupumua."

Dobi upande wa pili walikuwa wanakung'uta mashuka, yanalia kama makofi. Fundi alivua aproni, akaitundika, akafunga droo ya rangi, akachukua ufunguo. Saa nne asubuhi, siku ya kazi. Hajawahi kufunga saa hiyo hata alipokuwa na homa.

"Twende nyumbani," alisema.

"Kumwambia."

"Kumwambia."

"Ataanza kusoma leo leo."

"Mwache asome. Atakosea matamshi, utapata cha kubishia."

Profesa hakuinuka. Mikono yake ilikuwa imelala mapajani, viganja juu, kama vitu alivyoviacha mtu mwingine. "Utakuwepo?" aliuliza. "Nikimwambia."

"Nitakuwepo."

Alitafuta kiwiko cha mdogo wake, akakipata mara ya pili. Wakapita korido, wakapita getini, wakaingia mtaani. Fundi, ambaye hakujua mtu asiyeona huongozwaje, alianza kutaja vitu kwa sauti ya chini: hatua, mfereji, baiskeli imeegeshwa vibaya, mama na beseni, sasa ukuta mrefu, wa njano.

"Njano gani?" aliuliza Profesa.

Fundi alisimama. Alipita pale kila siku na ulikuwa wa njano tu. Akautazama sawasawa, akaanza kutafuta maneno, na kaka yake akasubiri, ameinua uso kuelekea ukutani.